Samaki Aliyekumbatiwa na Mashine

Jumamosi nilikuwa katika duka la vyombo vya umeme mjini Embu. Mama mmoja wa Gachoka na mumewe walikuwa wakichagua mashine ya kunyonya hewa kwenye mfuko wa nyama na kuuziba, maana nyama na samaki wao walikuwa wakikaukia ndani ya friza hadi ladha yote inapotea.

"Chukueni hii ndogo," muuzaji akasema.

"Tuijaribu kwanza," mama akajibu, akatoa tilapia mzima kwenye kiondo. "Mwiba wa samaki hauogopi mfuko mpya."

Mashine ikanguruma, mwiba ukatoboa mfuko, hewa ikarudi fyuu! Duka zima tukacheka. Wakajaribu ile kubwa yenye mifuko mizito. Plastiki ikambana samaki kila upande, hata magamba ungeyahesabu.

Mzee akapiga makofi. "Mama watoto, imemkumbatia kuliko nilivyokukumbatia siku ya harusi!"

Mama akajifuta machozi ya kicheko. "Basi tunabeba hii. Labda utajifunza."

Wanaosema mashine zinavunja ndoa bado hawajafika katika duka lile.