Jeneza Tupu Lilipokwama Kwetu

Nakumbuka siku tuliyojitangazia uhuru huku Pugu, mwanangu, na leo nakiri nililolikana miaka yote: tangazo lile na katiba yake niliandika mie. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya siasa. Kazi sina, kalamu ninayo. Sisi wa ng'ambo ya bonde tukajitenga na mtaa wetu, tukamchagua Bi Tausi, mkunga mstaafu, awe mwenyekiti. Kata haikututambua. Mwenyekiti wa mtaa tuliouacha alimwita "yule mama," na sisi akatuita serikali ya barazani.

Mie nilitaka bendera. Bi Tausi alitaka njia. Tulikuwa tumejenga kiholela, kuta zimebanana, na wiki ile marehemu mmoja alitolewa kwake kwa kurushwa juu ya ukuta kama gunia la mkaa.

"Sheria yetu ya kwanza," akasema, "kila njia ipitishe jeneza."

Akaazima jeneza la msikiti, tupu, wanaume wakalibeba mabegani, mtaa mzima nyuma. Litakapokwama, mwenye ukuta abomoe.

Likakwama kwetu, kwenye ukuta niliousimamia mwenyewe ukijengwa. Nikaanza kueleza kwamba serikali isiyotambuliwa haina mamlaka juu ya mali ya raia.

"Binti," Bi Tausi akanikata, "mwenye katiba wewe, mwenye ukuta wewe. Usipobomoa, turudishe jeneza la watu, tukapike."

Watu wananitazama. Nikikataa, serikali yetu inazikwa palepale, na jeneza tayari lipo. Mama yangu akatoka ndani na nyundo. "Shika, msomi."

Nikabomoa, tena vibaya, nikajigonga kidole. Jirani akacheka, akaja kunisaidia. Jioni alikuwa anabomoa wa kwake.

Sasa nasikia nanyi vijana mnataka kujitenga, na mmeshachonga muhuri. Mwanangu, mkuki kwa nguruwe mtamu. Sheria ikuume kwanza wewe uliyeitunga, ndipo jirani ataitii bila polisi. Na anayetiiwa na majirani zake ameshatawala. Wakubwa watamtambua wakipata nafasi.

Baraka nakupa ileile niliyopewa mie, kwa simu, baada ya masika. Alipiga yule mwenyekiti wa mtaa tuliouacha. Alikohoa kwanza, akauliza habari za nyumbani, za mama, za mvua.

"Sasa sista," akasema, "mwambie mwenyekiti mwenzangu, lile jeneza mkimaliza huko, mpite nalo na huku kwetu. Mungu awape njia pana."