Kunde Zilizompandisha Profesa

Mwanamisi alikuwa karani wa maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo kando ya barabara ya Mombasa. Wafadhili walikuwa wamemjazia rafu vitabu vinene vya kuonyesha nani ametajwa na nani katika maandishi ya sayansi. Ndiyo maana mwaka 1986 chuo kikuu kimoja kilimwomba amhesabie Dakta Kisilu Mbuvi, aliyeeleza kwa hesabu jinsi ubongo unavyokumbuka. Akitajwa mara thelathini, anakuwa profesa.

Wiki tatu Mwanamisi alipitisha kidole kwenye maandishi madogo kama sisimizi, akiandama “Mbuvi K.” Akapata arubaini na moja. Akapiga taipu, akagonga muhuri. Dakta akapanda cheo, na kwao Kikima wakachinja mbuzi watatu.

Mwezi uliofuata akabisha hodi mtafiti wa wadudu wa kunde, aliyekaa cheo kimoja miaka ishirini. Kituo kizima kilimwita Fukusi, kwa jina la mdudu mtoboa kunde aliyemchunguza.

“Mama Rashid,” akamwambia Mwanamisi, “nihesabie na mimi. Nastaafu mwakani, na bodi ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa.”

“Jina kamili, mzee?”

“Kisilu Mbuvi.”

Mwanamisi akacheka. “Hilo si la Profesa?”

“Ni ndugu yangu. Baba alikuwa na mabibi wawili. Kwetu Ukambani, kijana wa kwanza wa kila bibi anapewa jina la babu. Na babu ni mmoja tu. Wangefanya aje?”

Kwa kina Mwanamisi, waliotoka pwani wakahamia Kitui, jambo hilo halikuwa desturi, wala hakulifikiria alipohesabu. Akafungua vitabu upya. Thelathini na nane zilikuwa za fukusi. Ubongo ulikuwa na tatu, na mbili kati ya hizo Profesa alijitaja mwenyewe.

Aliogopa kufutwa kazi, lakini aibu ilizidi woga. Akaiandikia bodi ukweli wote. Bodi ikajibu kwamba hesabu hizo zimeshatumika, na Bwana Fukusi aache kujipandisha cheo kwa jina la nduguye. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kituoni hapo hawakuwahi kufika.

Siku ya kumuaga Fukusi, mgeni wa heshima alikuwa Profesa. Alihutubia saa nzima kuhusu ubongo usiosahau, na Fukusi akapiga makofi kuliko wote. Mwanamisi alikuwa amekaa nyuma na, kwa mazoea, alikuwa akihesabu. Ndugu hakutajwa hata mara moja.