Fundi wa Mtandao na Vifurushi Vikubwa

Fundi wa mtandao wa hospitali yetu huongea na mashine kuliko anavyoongea na watu, na mashine ndizo anazozitukana kwa adabu zaidi. Kila waya huuvuta mara mbili kwa vidole vyake vinene, kisha huunusa, sijui anatafuta nini. Picha za eksirei zilipozidi kujikokota, aliunganisha nyaya mbili za seva ya picha zifanye kazi kama moja, akairuhusu seva itume vifurushi vya data, yaani vipande ambavyo picha hukatwa ili isafiri, vikubwa kuliko kawaida.

"Sasa zitakimbia," akatuambia.

Zikakwama kabisa, na mgonjwa keshalazwa kwenye meza ya upasuaji. Daktari wa upasuaji akashuka mbio hadi chumba cha seva, glavu mikononi. Mkuu wa kitengo cha kompyuta akawahi kujitetea kwamba seva imezeeka.

"Seva haina kosa, bosi," fundi akamkatiza, magoti sakafuni. "Swichi ya katikati, inayopitisha picha toka seva hadi kompyuta za juu, haipokei vifurushi vya ukubwa huu, na mimi kichwa maji sikuigusa."

Akairekebisha swichi. Nesi akapiga kelele kutoka juu: "Picha imekuja!"

"Umetupotezea dakika nne," daktari akafoka.

"Tano," fundi akamsahihisha. "Na zote zangu."