Ufunguo Niliouonyesha Mpaka Mzima

Mfumo wa hati za malori hapa Tunduma niliutunga mwenyewe, na kwa hilo sioni haya kujisifu. Juzi madereva wakisubiri hati, nilikuwa nikipeleka marekebisho kwenye seva inayohifadhi programu yangu. Ili seva hiyo ikutambue, unakuwa na funguo mbili, kila mmoja ni maandishi marefu ya herufi na tarakimu: yenyewe hupewa ule wa wazi. Ule wa siri hubaki kwako, na haupaswi kuonwa na mwingine yeyote.

Ikaukataa ufunguo wangu mara tatu. Sisi mawakala wa forodha, hati ikikataliwa, huiweka kwenye kundi la simu ili wenzetu wa pande zote za mpaka waikague. Nikautuma huko: "Kagueni wenyewe. Kosa ni la seva."

Halima, karani niliyemfundisha mimi, akajibu mbele ya wote: "Mwalimu, seva haina kosa. Huu ndio ule wa siri."