Ndege ya Mabawa Mawili

Picha tatu ziliingia kwenye simu nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee pale kwetu Tlawi ambapo mtandao unashika vizuri. Muuzaji wa Arusha alikuwa amepanga maboksi matatu juu ya kaunta. Ndani ya kila boksi mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi mpaka vitoe ndege ya kivita ya zamani, zile za mwanzo kabisa, ambazo zenyewe ziliundwa kwa mbao na kitambaa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumtoa baba hospitali ya Haydom, alikoungwa mfupa wa paja baada ya kuteleza kwenye mteremko wa kijitoni. Dada yangu aliniomba nikae mpaka mzee atembee mwenyewe. Nilikubali, na hata wiki haikuisha nikawa nimetengeneza ua, nimebadilisha mlango wa zizi, na nimekwenda kwa miguu hadi Dongobesh kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali nikaona mavuno mawili. Nimechimba madini, nimekuwa utingo wa lori, nimelima vitunguu kando ya Eyasi, nimeuza mitumba Katesh. Nikiwa mbali naota ukungu wa Tlawi. Nikiwa Tlawi nasikiliza honi za mabasi.

"Kaka, kaa chini," dada aliniambia. "Unawachosha hata kuku."

Ndipo nilipozikumbuka ndege. Utotoni tulikimbia kuifuata ile ndogo iliyoleta madaktari Haydom, na sekondari nilikuwa nikifungua kitabu cha historia ukurasa uleule, penye picha ya rubani aliyekaa wazi kwenye upepo. Nilidhani mikono ikipata kazi ndogondogo, miguu nayo itatulia, nikamtafuta yule muuzaji wa Arusha.

Muuzaji alinieleza kwa subira. Nisichague kwa uzuri wa picha ya boksi, kwa sababu picha zote ni nzuri. Niangalie idadi ya vipande na ukubwa wake. Iliyoandikwa moja kwa arobaini na nane ni kubwa kuliko moja kwa sabini na mbili, na vidole vya mgeni vinahitaji kubwa. Halafu nitazame mabawa. Yenye bawa moja huunganishwa upesi. Yenye mawili, moja juu ya jingine, inasumbua kuyanyoosha sawa, na katikati yake kuna nyaya za kuigiza kwa uzi. Ile ya mabawa matatu, alisema huku akicheka, niiache kabisa.

Nilishuka nikamsimulia baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa. Nilimwambia nitachukua ya bawa moja, inaisha haraka.

Baba aliutazama mguu wake. "Chukua yenye kazi nyingi," alisema. Kisha akaongeza kwamba kwa zile nyaya nisihangaike na uzi, singa za mkia wa ng'ombe zinatosha.

Nilielewa alichokuwa akiniomba. Niliagiza ya mabawa mawili, ikaja kwa basi.

Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu ukiingia mpaka ndani. Gundi ilichelewa kukauka na mimi kungoja siwezi. Nyumbani kwetu kila kibichi hukaukia kwenye uchaga juu ya mafiga: mbegu za mahindi, kuni, hata viatu. Nami nikayalaza mabawa pale, kando ya mahindi, nikaenda kutazama barabara. Niliporudi yalikuwa yamejikunja kama magome juani, na meusi kwa masizi.

"Imeona moshi, ikadhani imepigwa risasi," dada alisema, akalazimika kuketi kwa kucheka. Baba alilishika bawa moja, akaligeuza, akasema mbegu zake hazijawahi kumfanyia hivyo.

Kufikia siku ile alikuwa anafika zizini kwa fimbo moja, bila mtu wa kumshika. Sote tuliona. Jioni nilikunja nguo zangu, nikaweka begi nyuma ya mlango.

Asubuhi nilimweleza muuzaji yaliyoyapata mabawa, akanitumia tena picha. Baba alinikuta zizini nikizitazama.

"Safari hii chukua ya bawa moja," alisema, macho yake kwa ng'ombe. "Nawe una njia zako."

Nilipanda tena kichuguu. Chini, basi la kutoka Haydom lilikuwa likipanda mlima taratibu, likitimua vumbi, na kwa mwendo wangu ningeweza kuliwahi njia panda. Niliandika "bawa moja." Nikafuta. Nikaandika tena, basi likapiga honi, nikafuta. Nilipotuma ujumbe wa mabawa mawili vumbi lilikuwa limeshatua, na basi limekwenda.

Baba aliuliza nimechagua ipi. Nilimjibu. Aliegemeza fimbo kwenye ua, akaushika mkia wa ng'ombe mweusi, akaanza kuzitenga singa moja moja kwenye mwanga, akitafuta ndefu. Nilisimama karibu naye, nikihama mguu huu na huu. Begi sikulifungua.