Niliitika kwa Niaba ya Mwende

Vumbi la chaki lina harufu yake, na likichanganyika na jasho la watoto arobaini chini ya mabati yaliyoanza kupata moto tangu saa mbili asubuhi, harufu hiyo haikutoki puani maisha yako yote. Kwangu ndiyo harufu ya kuitwa majina. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima huko Kathiani, na kila asubuhi Madam Kalunde aliinamia rejista, akaita jina, akasubiri neno moja la Kiingereza: "Present." Hakuinua kichwa. Sisi wa darasa la nne hatukujua maana ya neno lile. Tulijua kazi yake tu. Baadaye nilifunzwa kwamba ni kusema "nipo", na kwamba Waingereza hulitumia pia kwa zawadi, na kwa wakati huu tulio nao, lakini siku zile sikuhitaji maana zaidi. Ukilisema, kalamu inatia alama, na hakuna atakayekuuliza ulipo hadi kesho.

Mwaka ule mvua haikunyesha kabisa. Mwende, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na mama aliyejifungua karibuni na ambaye bado hakuweza kusimama vizuri. Baba yake alifanya kazi Mombasa. Maji yalichotwa bondeni, kwenye mto uliobaki mchanga mtupu, ambako watu walichimba mashimo mpaka maji yakachuruzika chini, na kila wiki mashimo yalizidi kina. Madam naye alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa shule arudi na mzazi. Mwende angemleta nani? Aliniomba niitike kwa niaba yake, yeye aende mtoni alfajiri, apeleke maji nyumbani, kisha afike shuleni kabla ya mapumziko. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nilijiona rafiki kwelikweli. Jumatatu na Jumanne niliitika kwa sauti nyembamba kama yake, darasa likabana vicheko, naye akaja saa nne akiwa na mchanga kwenye kucha. Naona haya kusema kwamba nilijivunia ujanja ule.

Jumatano niliitika tena. Kengele ya mapumziko ikalia, Mwende hakuja. Nilisimama kwenye ua nikiitazama njia mpaka macho yakauma. Nilijiambia foleni ni ndefu mtoni, kisha nikajiambia mtoto mchanga amemchelewesha. Niliogopa fimbo ya Madam, nikamwogopea Mwende, na kwa muda mrefu ile hofu ya fimbo ndiyo iliyoshinda. Karibu na saa sita, bibi yake Mwende, ambaye sote tulimwita Susu, alisimama mlangoni akihema, mkanda wa kubebea mtungi ukining'inia shingoni.

"Mwalimu, Mwende ako hapa?" aliuliza. "Maji haijafika nyumbani."

Madam alifungua rejista, akapitisha kidole. "Yuko, Susu. Ameitika asubuhi. Labda ametoka kidogo."

Susu alishusha pumzi, akashukuru, akasema basi moyo wake umetulia. Akageuka kwenda zake. Darasa zima lilinitazama. Susu alikuwa ameshapita mlingoti wa bendera niliposimama.

"Madam, hayuko. Ni mimi nilimuitikia."

Sikuchapwa. Madam alivua viatu, akakimbia kuteremka kilima akimwita Susu, na sisi nyuma yake. Mtoni tulikuta ukingo wa shimo umeporomoka, ukamfunika Mwende mpaka kifuani. Alikuwa peke yake kwenye kona ya mto, na sauti ilikuwa imemwisha kwa kupiga kelele tangu asubuhi. Watu walichimba kwa mikono, maana jembe lingemkata, na kila walipotoa mchanga, mwingine uliteremka kujaza pale pale. Alitolewa akiwa hai. Mguu wake wa kulia ulivunjika na hadi leo haunyooki. Alipopata maji ya kunywa alinitazama akaniuliza, "Uliniitikia?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka ukubwani. Sasa nashona suruali katika kiwanda kimoja Athi River. Tunaingia kazini kwa alama ya kidole, na mashine ile haimkubali rafiki. Lakini king'ora cha mazoezi ya moto kinapolia, tunatoka uani na majina husomwa kwenye karatasi, kama zamani. Mwezi uliopita liliitwa jina la Syombua, jirani yangu wa cherehani. Sauti nyembamba nyuma yangu ikajibu, "Present," na watu wakacheka, maana hapakuwa na moto. Mimi nilijua Syombua amejilaza stoo kwa sababu ya kuumwa kichwa.

"Hayuko," nikasema. "Mkamtafute."

Msimamizi alinieleza kwa upole kwamba ni mazoezi tu. Nikarudia maneno yaleyale, kwa sauti kubwa. Wenzangu waliniona msaliti, na wengine hawajanisalimia hadi leo. Sikuondoka pale uani, jua likinichoma utosi, mpaka nilipomwona Syombua akitoka mlangoni kwa hasira, akitembea kwa miguu yake yote miwili.