Nilimsindikiza Siku Isiyo na Treni

Keti tu. Ningeweza kukukaribisha kama inavyotakiwa, lakini neno hilo siku hizi silitamki ovyo, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Haya ninayokueleza yalinitokea mimi mwenyewe, nikiwa macho, nimeshiba, na sijanywa chochote kikali kuliko chai. Sikusimuliwa na binamu wa rafiki yangu.

Na usinidhanie kuwa mtu wa kuaminiamini. Nimesoma takwimu. Nyumbani Morogoro nilitolewa nje ya darasa la kipaimara zaidi ya mara moja kwa sababu ya maswali yangu. Mtu akiniambia amemwona marehemu shangazi yake dirishani, swali langu la kwanza ni: taa ilikuwa imewashwa? La pili: ulikuwa umekula?

Mwaka wangu wa kwanza London, chuo kilikuwa na mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa kigeni kukaa na familia wakati wa sikukuu, wasibaki peke yao bwenini. Nikajiandikisha nikitarajia Waingereza wenye paka na mapazia ya maua. Nikapewa Wamarekani. Walt alikuwa amehamishiwa London na kampuni yake, akaja na mkewe Denise na binti yao Josie wa miaka sita, wakapanga nyumba Walthamstow, moja ya zile nyumba nyembamba zilizobanana kama vitabu kabatini. Mama aliposikia kwenye simu alicheka hadi akakohoa.

"Yaani umevuka bahari zote hizo ukakae London kwa Wamarekani? Haya, usiende mikono mitupu."

Nikaenda na kanga na pakiti ya kahawa. Denise alinikumbatia mlangoni kana kwamba tulipotezana utotoni. Walt alinipa soksi nyekundu zenye picha za kulungu, akasema ndiyo sare ya nyumba na hakuna msamaha. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema hivyo. Kitu kimoja tu kilinishangaza: komeo la mlango wa mbele lilikuwa limefungwa juu kabisa, hata mtu mzima anajinyoosha kulifikia.

"Ni kwa ajili ya Josie," Denise akaniambia kwa sauti ya chini, huku akimenya viazi. "Anatoka. Mchana kweupe, wala hajalala. Ilianza tulipohamia hapa. Juzi Walt alimkuta barabarani na soksi tu, magari yanampita. Ukitoka, ukiingia, komeo. Nakuomba, mpenzi. Ikitokea tena tunarudi Ohio. Sitakaa hapa kusubiri nimpoteze mwanangu."

Nikauliza maswali, unanijua. Daktari amesema nini? Shuleni anafanya hivyo pia? Akachukua kiazi kingine. Basi nikamwuliza Josie mwenyewe, tukiwa tunapamba biskuti.

"Kuna bibi anakaa kwenye ngazi," akasema, ulimi nje, anapaka sukari ya rangi. "Amevaa koti. Anasema maneno siyaelewi. Halafu ananipa begi lake nimshikie, anaangalia mlango."

"Anataka nini?"

"Nafikiri anataka nimpeleke."

"Na wewe unakubali tu?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Ni mzee. Na begi ni zito."

Nikahitimisha kichwani: nchi mpya, nyumba mpya, mtoto mpweke, rafiki wa kujitungia. Nikafunga faili.

Siku ya Krismasi nyumba ilijaa. Denise haamini kuwa kuna mtu anayepaswa kula peke yake siku hiyo, kwa hiyo alikuwa ameita watu wa kila namna: mume na mke wa kanisani kwao, wenzake Walt wa ofisini, mama mmoja aliyekutana naye sokoni wakinunua vitunguu. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee Jaswant, alisema atapita kesho yake. Tukaketi mchana kwenye meza mbili zilizounganishwa. Palikuwa na bata mzinga mkubwa kama mtoto wa mbuzi, na viazi vitamu vilivyofunikwa kwa pipi laini nyeupe, jambo ambalo hadi leo sijalisamehe.

Tukiwa katikati ya kula, nikamwona bibi ameketi mwisho wa meza, kiti cha pili kutoka changu. Mhindi, mwembamba, sari ya kijani, na juu yake koti zito la kahawia lililofungwa vifungo vyote. Nikasema moyoni, huyu naye ni jirani. Mzee kuvaa koti mezani London, nani atashangaa? Walt alikuwa akigawa vyakula, naye akawekewa sahani yake kama sisi wote. Akaniinamia.

"Mwanangu, hawa hawana pilipili?"

Kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha Unguja, kinachoteleza. Wewe ungeogopa? Mimi nilitaka kulia kwa furaha. Tangu nifike nilikuwa sijaitwa "mwanangu" na mtu aliye mbele ya macho yangu. Nikamwambia hawana, hata chumvi wanaionea huruma. Akacheka, ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

"Nawe watoka wapi?"

"Morogoro, bibi."

"Ah, watu wa bara. Wali mwaupika kama uji."

"Bibi, hujala wa mama yangu."

"Sijaula, na Mungu anilinde."

Tukaendelea hivyo, tunataniana, anakula, mimi nakula. Wengine mezani walitutazama na kutabasamu, kama watu wanavyowatazama ndugu waliokutana. Yakumbuke matabasamu hayo.

Giza likaanza kuingia, na Desemba London giza linaingia saa ambazo kwetu watoto bado wanapiga mpira. Bibi akauweka mkoba wake mapajani.

"Haya, mie naondoka. Nani atanisindikiza?"

Sasa niambie, wewe uliyelelewa kwetu: mgeni, tena mzee, akuulize hivyo, unabaki umekaa? Nikainuka. Kwenye korido nikamkuta Josie, viatu mkononi, anamtazama bibi kama mtu anayejua zamu yake imefika.

Hapo nikajiona mjanja kweli. Kumbe bibi wa kwenye ngazi ni bibi wa kweli! Jirani mzee, akili zimeanza kupotea, anaingia nyumba za watu, na mtoto anamwonea huruma. Fumbo limekwisha.

"Leo ni mimi," nikamwambia Josie. "Wewe rudi kwa mama." Nikapaza sauti kuelekea jikoni kwamba namsindikiza bibi.

"Vizuri, mpenzi! Angalieni barafu!" Denise akaitikia, akaja kufunga komeo nyuma yetu.

Mkoba niliubeba mimi. Josie hakudanganya, ulikuwa mzito kama wenye mawe. Tukapita ile barabara ya soko, ambayo siku nyingine hupiti bila kukanyagwa, na siku hiyo ilikuwa na vyuma vya vibanda tu na majani ya kabichi yaliyoganda. Bibi alikuwa na hamu ya kuzungumza. Alikuja kuwatembelea ndugu, akasema, walimpokea vizuri, wakala wakashiba, kisha televisheni ikawashwa.

"Nimevaa koti, nimekaa, nangoja. Kila mmoja asema dakika moja. Kwetu mgeni hafungiwi mlango mgongoni, utamtoa japo hadi kona. Nikaona basi, nitajiendea."

"Pole, bibi. Ilikuwa lini?"

"Krismasi," akajibu, kana kwamba dunia ina moja tu.

"Na sasa tunaelekea wapi?"

"Stesheni."

Nikasimama. "Bibi, leo hakuna treni. Siku ya Krismasi London treni hazitembei kabisa."

Akanitazama kwa huruma. "Ndivyo nilivyokuta. Nami nilikuwa peke yangu."

Je, hapo niliogopa? Kidogo. Nilijiambia ni mzee, anachanganya miaka. Nikaendelea kutembea, kwa sababu kumwacha njiani kungekuwa vibaya zaidi ya woga.

Jana yake nilikuwa nimepita pale stesheni na kusoma tangazo la kufungwa. Tulipofika, lango lilikuwa wazi. Taa zinawaka. Ule upepo wa chini ya ardhi, wenye harufu ya vumbi na chuma, ukanipiga usoni, na huko chini nikasikia treni inaingia. Hapakuwa na mfanyakazi wala abiria. Labda ni mafundi, nikawaza. Lakini mafundi gani wanaacha lango wazi barabarani?

Bibi akaanza kushuka ngazi. Mkoba bado ninao mimi, nami nikamfuata. Unajua desturi: anayesindikizwa ndiye husema sasa rudi, inatosha. Yeye hakusema. Na kulikuwa na joto huko, niamini, joto la jikoni kwetu wali ukipaliwa makaa. Baridi yote ya miezi ile ikaanza kunitoka mwilini. Kila ngazi nilitaka ile inayofuata. Hakuna aliyenivuta. Nilitaka mwenyewe, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Kilichonisimamisha ni soksi. Nilitazama chini nisije nikateleza, nikaona zile soksi nyekundu za Walt zimechungulia juu ya viatu vyangu, nikamkumbuka Josie barabarani na soksi tu. Mimi angalau nimekua nikijua kwamba kusindikiza kuna mahali pa kuishia. Yule mtoto nani amemfundisha? Angeshuka hadi mwisho, kwa sababu begi ni zito.

Nikautua mkoba kwenye ngazi. "Bibi, mimi naishia hapa."

Akageuka. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Umenifikisha, mwanangu. Hakuna aliyenifikisha. Rudi sasa, inatosha." Akauchukua mkoba kwa mkono mmoja, kama hauna kitu ndani.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri mno. Lakini mimi nimelelewa na mama yangu, na mgeni akiondoka mdomo wangu hausubiri akili.

"Ahsante, bibi. Karibu tena."

Akacheka, safari hii bila kuziba mdomo. "Ahsante, nimeshakaribia."

Taa zikazimika. Nilikuwa nimesimama barabarani, mbele ya lango lililoshushwa, kufuli lina ukungu wa barafu.

Sijui nilivyofika nyumbani. Walikuwa wanaosha vyombo.

"Shangazi yako amefika salama?" Denise akauliza.

"Shangazi yangu?"

Walt akaacha kufuta sahani. "Si ndugu yako? Mlikuwa mnaongea lugha yenu. Nikajua umemwalika, nikafurahi."

"Mimi nilijua ni jirani yenu."

Tukatazamana. Wao walikuwa na adabu mno kuuliza mgeni wangu ni nani, na mimi nilikuwa na adabu mno kuwauliza wa kwao. Mezani sahani yake ilikuwa imejaa kama ilivyowekwa, mchuzi umeganda, uma haujaguswa. Nami nilimwona akila. Wazee huchezea chakula, najua. Nilijiambia hivyo.

Kesho yake mzee Jaswant akaja kula keki. Amezaliwa Nairobi, na Kiswahili chake hakijamwacha. Nilipomweleza, akaweka kijiko chini.

"Sari ya kijani? Koti ya kahawia? Huyo mama alikuja tembelea watu walikuwa wanakaa hapa zamani. Krismasi. Akatoka pekee yake, akakuta stesheni imefungwa, akaketi pale kungoja. Baridi, bwana! Asubuhi ndiyo wakampata." Akanikazia macho. "Na wewe umemwambia karibu tena?"

"Ilinitoka tu."

"Eh! Na huko chuo wanakufundisha nini?"

Josie hakutoka tena. Denise alingoja miezi, kisha Walt akalishusha komeo mahali pake, na maneno ya kurudi Ohio yakaisha. Krismasi iliyofuata walinialika kama mtoto wa nyumba. Josie ndiye aliyepanga meza, na mwisho kabisa, pembeni yangu, akaweka sahani ya ziada na chupa ya pilipili. Tulipoinua vichwa baada ya sala, bibi alikuwa ameketi, vifungo vyote vimefungwa.

Amekuja kila mwaka tangu hapo. Sasa nafanya kazi mji mwingine, kaskazini, na nasafiri mkesha, maana siku yenyewe hakuna treni. Mama ananiuliza nitakula lini Krismasi nyumbani. Nasingizia kazi. Nimwambie nini? Mwaka mmoja nilifikiria kutokwenda, nikampigia Josie. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Usijali, nitampeleka mimi." Nikafungasha begi usiku uleule.

Mwaka jana nilinuia kumaliza jambo hili. Nikashuka naye, nikatua mkoba, nikasema kwaheri na kuuma mdomo. Hakuondoka. Alisimama ngazini, mdogo ndani ya koti lile, na chini treni inamngoja.

"Leo hunikaribishi, mwanangu?"

Wewe ungesema nini? Nililisema. Akacheka, akashuka, na njia nzima ya kurudi nilikuwa najicheka mwenyewe, moyo mwepesi, njaa ya pili inauma.

Basi nakuonya. Msindikize mgeni wako, usimfungie mlango mgongoni, hujui atakaa muda gani kwenye ngazi za watu. Ukifika kona, simama, hata njia ya mbele ikiwa na joto namna gani. Na lile neno la mwisho, kabla halijakutoka, hakikisha uko tayari kumtengea sahani mwakani, na mwaka utakaofuata.

Nawe nimekutoa hadi hapa. Naishia kwenye kona hii. Kwaheri, na zaidi ya hapo sisemi.